Gari Linapolia "Tak": Historia ya Umeme wa Kuwashia Gari

Alfajiri moja mwaka juzi mzee wangu alikuwa na miadi ya kliniki, ile ya kungojewa kwa miezi. Akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo, na gari likamjibu tak-tak-tak-tak, kama mtu anayebisha mlango wa bati kwa ukucha. Taa za mbele zilikuwa zinawaka vizuri kabisa. Jirani mmoja ambaye ni fundi akaja na kandambili zake, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: betri imekufa. Betri mpya ikanunuliwa siku hiyo hiyo na gari likawaka, lakini kliniki ilikuwa imeshapita. Wiki mbili baadaye, tak-tak-tak tena. Safari hii hukumu ikawa stata. Bei ya stata ndiyo iliyomfanya mzee anipigie simu, maana kwake mtu aliyesomea tarakilishi anajua kila kitu chenye waya.

Mimi si makanika. Lakini kazi ya kuandika programu imenifundisha tabia moja. Ukirithi msimbo wa zamani ulioandikwa na watu watano katika miaka tofauti, usianze kubadilisha vipande ovyo. Uliza kwanza kila kipande kiliwekwa lini, na kiliwekwa kutatua tatizo gani. Nikaamua kulifanyia gari la mzee vivyo hivyo. Nitarudi kwenye ile tak-tak, ila kwanza twende Ujerumani, mwaka wa 1888.

Mwezi wa Agosti mwaka huo, Bertha Benz alichukua gari la magurudumu matatu la mumewe Karl bila kumuuliza, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim hadi Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Kisha waya wa kupeleka cheche kwenye injini ukachubuka na umeme ukawa unavuja. Akauzungushia utepe wa kushikilia soksi, safari ikaendelea. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusafiri mbali kwa gari la petroli ndiye pia aliyerekebisha nyaya za cheche kando ya barabara, bila spana wala karakana.

Angalia umeme ulikuwa na kazi gani katika gari lile. Kazi moja tu: cheche. Betri ndogo ilipeleka umeme kwenye koili, koili ikaukuza hadi ukaweza kuruka kutoka chuma kimoja hadi kingine ndani ya silinda. Kuwasha injini ilikuwa kazi ya mikono: unalizungusha gurudumu kubwa la injini mpaka ishike.

Betri za kuchajiwa upya zilikuwapo tayari. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza ya risasi na asidi mwaka wa 1859, na mwenzake Camille Faure akaiboresha mwaka wa 1881 kwa kupaka sahani zake unga wa risasi. Ukifungua betri ya gari lako leo utakuta kemia ile ile. Shida ni kwamba magari ya mwanzo hayakuwa na kitu cha kuichaji barabarani. Betri ikiisha, umeisha nayo. Ndiyo maana wahandisi wa wakati ule walitamani kuitupa kabisa, na mwaka wa 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch kule Stuttgart, akawapa njia: magneto ya volti kubwa, yaani kifaa chenye sumaku na koili ambacho hutengeneza cheche kutokana na mzunguko wa injini yenyewe. Hakuna betri. Ford Model T iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1908 ilifuata njia hiyo hiyo, ikiwa na sumaku 16 zilizofungwa kwenye gurudumu la injini na koili nne ndani ya kisanduku cha mbao.

Lakini magneto haisemi kitu injini ikiwa imesimama. Ni lazima mtu aizungushe, na hapo ndipo hendeli ilipovunja mikono ya watu. Cheche ikiwahi kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma kwa ghafla na hendeli inakupiga. Madereva wa zamani walifundishwa kuchelewesha cheche kwanza kwa kiwiko kilicho karibu na usukani, kisha kushika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, ili mkono uponyoke ikirudi. Ukiwahi kuona Land Rover ya kale ikiwa na tundu pale mbele chini ya rejeta, tundu hilo ni la hendeli. Zilibaki nayo kwa miaka mingi baada ya stata kuwa jambo la kawaida, kwa sababu huko porini hakuna wa kukusukuma.

Sasa anaingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, waandishi wa programu tungepaswa kumjua zaidi. Charles Kettering alifanya kazi katika kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, Ohio, waliotengeneza zile mashine za kupokelea pesa dukani. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuifanya droo ya mashine ifunguke kwa mota badala ya mpini. Mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe. Kettering akagundua kwamba droo haifunguki kutwa nzima. Inahitaji nguvu kwa nukta moja tu, kisha mota inapumzika. Basi unaweza kuchukua mota ndogo na kuilazimisha ibebe mzigo unaoizidi, mradi isiubebe kwa muda mrefu.

Henry Leland wa Cadillac alipotaka gari lisilo na hendeli, wengi walidhani mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa kupita kiasi. Kettering, ambaye mwaka wa 1909 alikuwa ameanzisha Delco pamoja na Edward Deeds, akatumia wazo lile lile la droo. Cadillac za mwaka wa 1912 zikatoka na mashine moja iliyofanya kazi mbili: wakati wa kuwasha ilikuwa mota, na injini ikishashika inageuka kuwa jenereta ya kuchaji betri. Klabu ya Kifalme ya Magari ya Uingereza ikaipa Cadillac Kombe la Dewar kwa sababu ya mfumo huo. Ford nao, ambao hawakuwa na haraka, walianza kuuza Model T yenye stata mwaka wa 1919, tena kwa malipo ya ziada.

(Na kumbuka kwamba wakati huo magari ya umeme yalikuwa yanashindana na ya petroli, na sifa yake moja kubwa ilikuwa kutokuwa na hendeli. Mota ya umeme ndiyo iliyosaidia kuyaua magari ya umeme.)

Wazo la Kettering bado limo ndani ya stata yako, na ndilo sababu ya onyo ambalo watu hulipuuza: usiipige stata kwa zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Si ushirikina. Stata ni mota ndogo inayobebeshwa mzigo kupita uwezo wake kwa makusudi. Ukiing'ang'ania nusu dakika unaipika. Ipige kidogo, iache ipoe, ipige tena.

Tatizo lililofuata ni la kuamrisha. Stata ya gari dogo la petroli hula kiasi cha ampea 150, na injini ya baridi au ya dizeli hula zaidi. Umeme wa namna hiyo unahitaji waya mnene kama kidole, na huwezi kuupitisha kwenye swichi ya dashibodi, ungeiyeyusha. Magari ya mwanzo yalikuwa na kitufe cha kukanyaga kwa mguu, ambacho kilibana mashine ya stata moja kwa moja. Baadaye ikaja solenoidi, ile silinda ndogo iliyolala juu ya stata: umeme mdogo unaingia kwenye koili yake, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta chuma, na chuma hicho kinaunganisha zile nyaya nene. Mwaka wa 1949 Chrysler wakaiweka amri hiyo kwenye ufunguo wenyewe, zungusha na gari liwake, na hivyo ndivyo tulivyozoea.

Tangu hapo kila gari lina njia mbili za umeme wa kuwashia. Moja ni nyembamba, ya amri: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya klachi au ya gia, rilei, hadi koili ya solenoidi. Nyingine ni nene, ya kazi: betri, waya mnene mwekundu, solenoidi, mota ya stata, bodi ya injini, waya mnene mweusi, betri tena. Mtu akinielewa hapa ameelewa karibu kila kitu, kwa sababu masikio yanatosha kukuambia ni njia ipi mbovu. Ukizungusha ufunguo pasisikike chochote, huku taa ni nzuri, amri haikufika. Kagua njia nyembamba. Ikilia tak, amri imefika na kazi imeshindikana. Achana na ufunguo na rilei, shuka kwenye nyaya nene, betri na stata yenyewe. Na ikizunguka vizuri bila injini kushika, betri na stata hazina kosa, tafuta cheche au mafuta.

Wajerumani waliipa njia hizi namba, katika kanuni iitwayo DIN 72552. Namba 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni umeme unaokuja ukifungua ufunguo, 50 ni amri ya stata, 31 ni ardhi. Rilei unazonunua Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) mara nyingi zimeandikwa 85 na 86 kwenye koili, 30 na 87 kwenye njia ya kazi. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi kwetu, hupenda zaidi herufi: B ya betri, IG ya ufunguo, ST ya stata. Mimi nilipoziona namba hizo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekuta msimbo wa zamani ukiwa na maelezo ndani yake.

Turudi kwa mzee. Gari lililia tak, kwa hiyo amri ilifika. Taa zilikuwa kali na betri ilikuwa mpya. Fundi aliposema stata, hakuwa anaropoka, stata ni mshukiwa halali. Lakini njia nene ina viungo vingi kuliko vipande, na hapa hesabu ndogo ya shule inasaidia. Chukua kiungo chenye kutu cha omu 0.02 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haikuonyeshi. Taa mbili za mbele zikila ampea 9 kupitia kiungo hicho, zitapoteza volti 0.18, na jicho lako halitaona tofauti. Stata ikila ampea 150 kupitia hapo hapo, volti 3 zinapotea kabla ya kufika. Kwa hiyo taa kuwaka vizuri si ushahidi kwamba nyaya ni nzima. (Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa watengenezaji wa magari kwenye betri za volti 6 kwenda volti 12 katika miaka ya 1950: kwa kazi ile ile, volti zikiongezeka mara mbili ampea hupungua nusu, na kila kiungo kinapoteza kidogo.)

Tena, nusu ya njia nene hauioni kama waya. Tangu zamani magari hutumia bodi na injini kama waya wa kurudia, ili kuokoa shaba. Hata upande gani wa betri uunganishwe kwenye bodi ulikuwa mjadala: magari mengi ya Kiingereza yaliunganisha chanya hadi miaka ya 1960, kwa hiyo ukikutana na gari la kale, soma kwanza alama za betri kabla ya kushika nyaya za kuazima umeme. Tunavutiwa na waya mwekundu kwa sababu unatisha. Ule mweusi tunausahau.

Nikaweka gia huru, nikavuta breki ya mkono, nikachukua multimita ya bei rahisi. Betri ikiwa imepumzika: volti 12.5, nzima. Mzee akazungusha ufunguo, tak-tak-tak, na betri ikabaki juu ya volti 12. Hilo pekee lilinishangaza, maana betri inayosukuma stata kweli kweli hushuka hadi karibu volti 10. Hii haikuwa inahisi kazi yoyote. Nikagusa mdomo mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma tupu cha injini. Vyuma hivyo viwili vinatakiwa kuwa kitu kimoja, tofauti yao wakati wa kupiga stata isizidi nusu volti. Mita ikarukaruka na kupita volti 7.

Waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, kule chini ulikofungwa kwa bolti, ulikuwa umeota unga wa kijani na nyuzi zake nusu zimekatika. Taa hazikujali kwa sababu zina waya wao mwingine unaorudi kwenye bodi. Betri mpya ilisaidia kwa wiki mbili kwa sababu fundi alipokuwa akiichomoa ya zamani aliutikisa ule waya ukakaa vizuri kidogo. Nikafunga waya wa kuazima umeme kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, gari likawaka mara moja. Waya mpya, msasa na nusu saa. Betri ya zamani, ambayo pengine haikuwa na kosa, ilikuwa imeshaenda na fundi.

Upande wa cheche nao una tabaka zake. Mfumo ambao Kettering aliubuni kabla ya stata yake, wa betri, koili na platini zinazofunguka na kufunga, ulidumu zaidi ya miaka 60. Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya zilikuwa nao, na madereva wake walijua kusugua platini kwa msasa na kupima uwazi wake kwa kipande cha chuma chembamba. Kila platini zikifunguka, umeme wa volti 12 ndani ya koili unakatika ghafla na upande wa pili zinatoka volti elfu 20 hivi. Chrysler waliweka cheche ya kielektroniki kwenye magari yao ya Marekani kufikia mwaka wa 1973, transista ikachukua kazi ya platini, na wengine wakafuata.

Kuna jambo moja la enzi za zamani ambalo ningependa life kabisa. Utaona fundi akitaka kujua kama gari linachaji, anawasha injini kisha anachomoa kichwa cha betri: likiendelea kuunguruma, "inachaji". Mbinu hiyo ni ya wakati wa dainamo, ambapo hapakuwa na diodi wala kompyuta ya kuunguza. Chrysler Valiant ya mwaka wa 1960 ilileta altaneta kwenye magari ya kawaida, na altaneta hutegemea betri imeze mawimbi yake. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuua kompyuta ya injini. Gusa tu multimita kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, inachaji.

Tabaka la mwisho ndilo la fani yangu, na ndilo ninalolipenda kidogo zaidi. Katika miaka ya 1990 wizi wa magari uliwafanya watengenezaji wafiche kijipande cha elektroniki ndani ya kichwa cha ufunguo. Ulaya ililazimisha jambo hilo kwa magari mapya kuanzia mwaka wa 1998. Ukizungusha ufunguo, gari linauliza swali la siri. Kijipande kisipojibu sawasawa, kompyuta inanyima injini mafuta au cheche, au inazuia stata. Yaani amri ile nyembamba sasa inapita ndani ya programu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kwamba kijipande kimoja kilichotumika katika mamilioni ya magari kilikuwa na ufunguo wa biti 40 tu, na kwamba unaweza kuuvunja. Kilichofichwa kama siri ya kampuni kilikuwa dhaifu, na kufichwa kwake ndiko kulikofanya udhaifu huo ukae miaka bila kuonekana.

Mwizi aliyesoma anapita, lakini mwenye gari aliyepoteza ufunguo amekwama. Kwa kutu naweza kutumia msasa. Kwa kijipande kilichokufa, kama taa ya ufunguo inapepesa kwenye dashibodi na ufunguo wa akiba nao umekataa, hakuna utepe wa soksi utakaokusaidia. Unamtafuta mtu mwenye kifaa na programu ya kampuni, na bei ni yake. Kile kisomaji cha bei nafuu kinachochomekwa chini ya usukani kitakusomea makosa ya injini, ila sehemu hii kwa kawaida hukinyima.

Gari la mzee ni la mwaka wa 1996 na ufunguo wake ni chuma kitupu, alichongewa wa pili mjini akiwa anasubiri chai. Kliniki walimpa tarehe nyingine, akaenda kwa gari hilo hilo. Kila nikimwambia ilikuwa ni waya mweusi, ananiambia hapana, ni ile betri ya kwanza, alikuwa ameanza kuishuku tangu Krismasi.